Treni Iliyokataa Kusimama

Nyuki walikuwa wakimsumbua Koplo Kadenge. Aliwapunga kwa kofia, akarudi nyuma, wakamfuata. Akatukana kwa sauti ya chini, maana mkubwa wake alikuwa amechutama mbele yake relini, na mkubwa wake hakupenda matusi asubuhi.

"Afande, hapa hapana kitu," alisema. "Pana nyuki tu."

Inspekta Ummulkheir alikuwa amelikusanya buibui lake magotini ili lisiburuzike kokotoni, na alikuwa akipitisha kidole juu ya reli, taratibu, kama mama anayekagua vumbi kwenye kabati la mkaza mwana. Kidole kilitoka na utando mweusi, laini, wenye kuteleza. Akausugua kwa kidole gumba. Ukateleza zaidi.

Kwenye reli hiyo, asubuhi ya jana yake, treni ya majaribio ilikuwa imekataa kusimama.

Na haikuwa treni ya kukataa mambo. Njia ile ya abiria, kutoka bara ya Miritini na Changamwe mpaka stesheni ya zamani ya kisiwani, ilikuwa imelala miaka mingi, majani yakaota katikati ya mataluma yanayobeba reli, na mbuzi wakajifanyia malisho. Sasa ilikuwa inafufuliwa. Watu wa bara wangefika kazini bila kuozea kwenye foleni ya magari ya Makupa. Jumamosi ndiyo ingekuwa siku ya kwanza ya abiria. Jumatano wakaletwa wakubwa kuijaribu, na beni ikapangwa kwenye jukwaa kuwapokea. Treni ikaingia, ikapita jukwaa, ikapita beni, ikapita na mheshimiwa mmoja aliyekuwa amesimama dirishani akipunga mkono, ikaenda kukigonga kizuizi cha mwisho wa reli. Hakufa mtu. Mheshimiwa alimwagikiwa chai ya maziwa mapajani, na mpiga tarumbeta akaangukia ngoma.

Lakini dereva, msichana mmoja wa Rabai aitwaye Kadzo, alisimamishwa kazi papo hapo. Leo baada ya alasiri kamati ilikuwa ikutane stesheni kuamua. Ikiamua kwamba kosa ni lake, atanyang'anywa leseni na kupelekwa mahakamani kwa kuhatarisha roho za watu. Ikiamua kwamba kuna mtu aliyehujumu reli bila kumjua ni nani, hakuna atakayethubutu kuruhusu abiria, na majani yataota tena. Ummulkheir alikuwa na saa chache tu, na kidole chenye weusi.

Simu yake ikalia. Alikuwa shangazi yake, Bi Yumna wa Kibokoni, ndugu wa babake, aliyemlea tangu alipokuwa na meno ya utoto.

"Ummu, mwanangu, mushamshika huyo mtu?"

"Mtu gani, shangazi? Sabalkheri kwanza."

"Sabalkheri. Huyo alomwaga mafuta kwenye ndia ya treni! Mji mzima wajua ni mafuta."

"Sisi bado hatujajua."

"Basi musijisumbue. Leo ikishasaliwa alasiri twamsomea Halbadiri hapa kwangu. Sheikh Hamid nshamwambia na udi nshanunua. Treni yetu tumeingoja miaka yote hiyo, mtu aje aiharibu? Atajua mwenyewe."

Simu ikakatwa. Kadenge, ambaye alikuwa amesikia kila neno kwa kuwa Bi Yumna huzungumza na simu kana kwamba mwenzake yuko Lamu, alivaa kofia yake.

"Afande, afadhali tumkamate sisi haraka. Kwetu ni jela tu."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mombasa mtu anaweza kuwakwepa polisi mwaka mzima na kula biriani kwa raha, lakini akisikia kwamba anasomewa kile kisomo cha kumwapiza mtenda ovu asiyejulikana, kuku wa watu hurudi bandani wenyewe. Ummulkheir alikiheshimu kisomo hicho na hakupenda kukifanyia mzaha. Alijifuta kidole kwenye kipande cha karatasi, akakikunja, akakitia ndani ya bahasha ya vielelezo.

"Nani aliyefagia hapa?" aliuliza.

Swali lilimwendea meneja wa njia, Tony, aliyekuwa akija mbio juu ya mataluma na viatu visivyopenda mataluma. Alikuwa mtu mwenye bidii, na tangu jana hakuwa amelala. Ilionekana.

"Niliamuru mimi," Tony alisema. "Waandishi wa habari walikuwa njiani. Zilikuwa takataka tu, Inspekta. Makaratasi, chupa za maji, maua ya wageni."

"Mahali pa tukio hapafagiliwi, Bwana Tony."

"Mahali pa tukio ni mle," Tony akakinyooshea kidole kichwa cha treni. "Breki ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Alichelewa kuivuta. Mbona tunazunguka?"

Ummulkheir aliinuka akaenda kule kule alikoonyeshwa.

Chirau, fundi wa breki, alikuwa amelala chali chini ya kichwa cha treni, miguu nje. Alijitoa, akajipangusa mikono, akasalimu. Inspekta akamuuliza jambo moja: breki zilifanya kazi au hazikufanya?

"Zilifanya. Tazama hapa." Akamwonyesha gurudumu. Mahali pamoja lilikuwa limesagika bapa, likang'aa. "Gurudumu linalozunguka halichubuki mahali pamoja. Hili lilifungwa na breki, likaburutwa."

"Na michubuko ya relini inaanzia wapi? Mimi nimeiona inaanzia karibu na kivuko, pale barabara inapokata reli."

"Hata mimi nimeiona hapo. Mbali sana na jukwaa."

"Basi hakuchelewa kuvuta."

Chirau alimtazama Tony, kisha akaitazama spana yake, kwa sababu spana haina cheo. "Hakuchelewa," alisema. "Na hiki nimekikuta kimenasa kwenye breki. Sijui ni nini. Labda kipande cha mkeka."

Kilikuwa ni ukindu mwembamba uliosokotwa, mfupi kuliko kidole, umechakaa na kuwa mweusi, una fundo. Kadenge akakitia kwenye bahasha ya pili. Ummulkheir alikitupia jicho na kuona mkeka, kama alivyoambiwa. Baadaye alijilaumu kwa hilo.

*

Kadzo alikuwa amekalishwa kwenye chumba cha zamani cha kukatia tikiti. Alikuwa ameweka kofia ya kazi mapajani na hakuwa ameivaa, kana kwamba ilikuwa ya kuazima na mwenyewe yuko njiani kuja kuichukua.

"Uliamkaje jana?" Ummulkheir alimuuliza.

"Salama, Afande. Nikanywa chai na mahamri. Pombe situmii, na walinipima kabla sijapanda."

"Ulivuta breki wapi?"

"Nilipokipita tu kivuko, palepale nilipofundishwa. Kulikuwa na manyunyu, kwa hivyo nilikuja polepole. Kivukoni kulikuwa na kinamama, wakanipigia vigelegele, nikawapigia honi. Nikavuta. Magurudumu yakafunga. Lakini treni ikawa yaenda tu, yaenda tu. Nikaachia, nikavuta tena. Yaenda."

"Halafu?"

"Halafu nikaomba Mungu. Nikaona beni, nikaona kizuizi, nikashikilia breki."

"Kuna kitu bado hujaniambia."

Kadzo aliinamisha uso. "Utanicheka, Afande."

"Sema tu."

"Nilisikia harufu ya harusi."

Tony, aliyekuwa ameegemea mlango, ndiye aliyecheka. Ummulkheir alimgeukia, na kicheko kikajifia.

"Harufu ya harusi vipi?"

"Ile ya bibi harusi akipita. Ilikuja kupitia dirishani, kali kabisa. Nikafikiri labda ni wageni wamejipaka manukato, au labda ndiyo watu husikia wakikaribia kufa." Akaigeuza kofia mapajani. "Mama yangu ameshawaambia kanisa zima kwamba Jumamosi watapanda treni ya bintiye. Wameshashona sare. Nitamwambia nini?"

Ummulkheir hakupenda kuwapa watu majibu ya uongo. Alimwambia aivae kofia yake, kwamba bado hajafukuzwa. Kisha akatoka nje bila kuridhika, maana ushahidi wote aliokuwa nao ulimtetea yule msichana na hakuna hata mmoja uliosema ni nani mwingine.

Nje, Kadenge alikuwa amerudi kutoka kivukoni na habari, na mdomo wake ulikuwa na sukari ya kaimati.

"Afande, tumepata. Muuza kaimati wa kivukoni aliona lori jana asubuhi, limesimama karibu na reli kabla ya treni kupita. Lina madebe ya mafuta. La Hamdan."

Tony alipiga kofi. "Hamdan! Banda la mizigo la stesheni hii alikuwa amelifanya ghala lake miaka nenda miaka rudi, na tulipolihitaji tukamtoa. Aliapa mbele yangu kwamba treni hii haitafika mbali!"

Ikawa kila kitu kimekaa mahali pake: kisasi, mafuta, lori. Ummulkheir alikuwa na kawaida ya kuwashuku washukiwa wanaojileta wenyewe wamevaa vizuri, lakini alipanda gari.

*

Hamdan walimkuta kwenye ghala lake jipya kule Mbaraki, amekaa kwenye kiti cha kamba kati ya madebe ya mafuta ya nazi, anakunywa kahawa chungu. Alikuwa mzee mnene mwenye kofia ya vito, na alikuwa rafiki wa marehemu babake Inspekta. Alipomwona akanyanyuka nusu.

"Karibu, binti yangu. Kaa. Tangawizi au kahawa?"

"Ahsante, ami Hamdan. Leo nimekuja na kazi. Jana asubuhi lori lako lilikuwa kwenye kivuko cha reli."

"Lilikuwa."

"Lina mafuta."

"Lori la muuza mafuta lina nini, binti yangu, lina vitabu?"

Kadenge alikohoa. Ummulkheir hakutabasamu, ingawa alitaka.

"Ulisema treni hii haitafika mbali."

"Nilisema nikiwa na hasira. Walinitoa kwa notisi kama mpangaji mlevi. Hasira zilikwisha nikishaona ghala hili lina upepo. Mafuta sikumwaga. Nimwage mali yangu kwenye chuma?"

"Basi ulikwenda kufanya nini?"

Hamdan alizungusha kikombe chake. "Nilipeleka watu."

"Watu gani?"

"Hilo nisamehe. Ni watu wa heshima, na waliniomba nisitangaze. Mmoja nikimtaja, wewe mwenyewe utanikasirikia."

"Ami, kuna msichana atapelekwa mahakamani leo."

"Kwa ajili ya hao niliowapeleka? Haiwezekani. Hao hawakumdhuru mtu. Walikuwa wamefurahi kama siku ya Idi." Mzee alionekana kushangaa kwa dhati, na akafunga mdomo.

Ummulkheir hakumshurutisha. Aliomba karatasi ya kaki, ile nene ya kufungia, na tone la mafuta ya nazi. Akalidondosha upande mmoja. Kisha akatoa kile alichokuwa amekifuta relini, akakilowesha kidogo na kukipaka upande wa pili. Akaipeleka karatasi mlangoni penye jua na kungoja, huku Kadenge akikubali kahawa.

Baada ya muda aliinyanyua karatasi juu. Lile tone la mafuta lilikuwa limeenea na kuifanya karatasi ipitishe mwanga, mtu angeweza kuuona mtaro wa nje kupitia pale. Upande wa pili karatasi ilikuwa nzito vilevile, haipitishi kitu. Kulikuwa na doa tu. Na doa lenyewe, lilipokauka, halikuwa jeusi. Lilikuwa kijani.

"Si mafuta," alisema. "Ya nazi wala ya mashine."

Akalinusa. Akafumba macho, akalinusa tena.

Ilikuwa rihani. Nyuma ya rihani, mbali, chini ya harufu ya chuma, kulikuwa na asumini.

Mambo yakaanza kumjia kwa pamoja, na kila moja likalivuta lenzake. Nyuki hawaendi kwenye grisi. Tony alisema wafagiaji walizoa maua ya wageni, lakini wageni hawakuvishwa maua. Treni ilipowapitiliza, mashada yao yalibaki kwenye ukuta wa jukwaa, na asubuhi hii aliyaona kwa macho yake yangali yananing'inia, na tena yalikuwa ya plastiki. Basi maua yaliyozolewa relini yalitoka wapi? Na Kadzo alisikia harufu ya harusi.

"Kadenge, nipe ile bahasha ya pili."

Aliushika ule ukindu kwenye kiganja. Fundo lilikuwa limezungushwa mara mbili, na ncha yake imechomekwa ndani isitokeze. Mafundi wengine wa vikuba, yale maua ya kuvaa kifuani, huiacha ncha nje. Ni mmoja tu anayeificha ili isimkwaruze bibi harusi kifuani, na Ummulkheir alijua hivyo kwa sababu siku ya harusi yake mwenyewe alivaa kikuba chenye fundo kama hilo, chenye asumini, rihani na mkadi, na alikivaa mpaka kikanyauka.

"Ami Hamdan," alisema polepole, "hao watu wa heshima walikuwa na makapu?"

Mzee aliitazama ile karatasi ya kaki, akamtazama yeye, akashusha pumzi. "Mimi sikusema kitu," alijibu. "Umesema wewe."

*

Angeweza kukimbilia Kibokoni moja kwa moja, na alitamani. Lakini shahidi akiwa ni shangazi yako, maneno hayatoshi. Kamati ingesema polisi ametunga hadithi ya maua. Kwa hiyo alimtuma Kadenge akanunue asumini, rihani na majani ya mkadi, yeye mwenyewe akarudi stesheni, na kwenye reli ya pembeni akamwomba Chirau awashe kichwa kidogo cha kupangia mabehewa.

Kwanza Chirau alizisugua reli kwa mchanga zikawa safi. Akaja kwa mwendo wa mtu anayetembea, akavuta breki mbele ya alama ya chaki. Kichwa kikasimama pale pale kilipotakiwa.

Kisha Kadenge akamwaga maua juu ya vyuma, kwa aibu kidogo, kama bwana harusi aliyeitwa kucheza. Kichwa kikapita juu yake kwenda na kurudi mpaka maua yakasagika. Ummulkheir akanyunyiza maji kwa mkono, kiasi cha manyunyu ya jana.

"Njoo!" alipaza sauti.

Chirau akaja kwa mwendo uleule, akavuta breki mahali palepale. Magurudumu yakafunga. Na kichwa kikaja tu, kimyakimya, kinateleza na kuipita chaki, na kumpita Kadenge, na Tony akaruka pembeni akikumbatia simu yake. Kikasimama chenyewe kilipochoka.

Harufu ya harusi ikajaa uwanja mzima wa reli.

Tony alisimama akihema. Uso wake, uliokuwa umekunjamana tangu jana, ulifunguka taratibu. "Kwa hiyo hakuna adui?" aliuliza. "Hakuna mtu anayetuhujumu? Reli zikisuguliwa, basi?"

"Basi. Na wapenzi wa treni yako waelezwe wapi pa kumwaga maua."

"Lakini ni nani aliye…"

Adhana ya alasiri ikaanza, kwanza msikiti mmoja, kisha yote. Ummulkheir aliruka kana kwamba amemwagiwa maji ya baridi.

"Halbadiri!" alisema. "Ya Rabi, wanajisomea wenyewe!"

*

Gari waliliacha karibu na Ngome, maana vichochoro vya Mji wa Kale havikujengwa kwa ajili ya magari ya polisi. Inspekta alikimbia buibui mkononi, Kadenge nyuma yake akiwaomba radhi watu waliokaa barazani. Udi ulisikika kabla nyumba haijaonekana. Ukumbini, Sheikh Hamid na wenzake walikuwa wameshakaa kwenye mkeka, kitabu kimefunguliwa kwenye marufaa. Pazia la ndani lilikuwa limejaa minong'ono ya wanawake. Sheikh alisafisha koo.

"Sheikh, niwie radhi! Usianze! Nakuomba usianze!"

Pazia likafunguka. Bi Yumna alitokea, mdogo wa umbo na mkubwa wa sauti, ushungi umekaa sawasawa.

"Ummu! Waingia mbio nyumba ya kisomo? Na viatu miguuni?"

Ummulkheir alivua viatu. "Shangazi, nashika miguu yako, nijibu. Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kivukoni, na hawa wenzangu. Tulikwenda kuipokea treni."

"Mlichukua nini?"

"Hatukuchukua kitu."

"Hata kapu?"

"Aa, maua. Maua nayo ni kitu?"

"Yalikuwa ya nini?"

Bi Yumna alimtazama kama anayemtazama mtoto aliyesahau jina lake. "Mimi mji huu nililetwa na treni, mwanangu. Mwari, kutoka Voi, nalia mpaka mato yamevimba. Mlango wa behewa ulipofunguka, wakwe zangu walikuwa wametandaza asumini kutoka pale hadi nje, nikakanyaga maua tu. Kilio kikaniishia. Sasa treni yarudi baada ya miaka yote hiyo, nisiipokee? Tulikwenda na kapu letu, askari wa getini akatwambia wenye kadi tu. Basi Hamdan akatupeleka kivukoni."

"Mkayamwaga wapi?"

"Juu ya vyuma. Treni haina miguu, yapita juu ya vyuma. Na kikuba nikatia."

Ummulkheir alifungua kiganja. Ule ukindu ulikuwa pale, na fundo lake lisilokwaruza. Bi Yumna aliuchukua, akaugeuza, akautambua. Bintiye wa kulea akamweleza kwa maneno machache: maua yakisagwa chini ya gurudumu na kupata manyunyu huwa kama sabuni. Hakuna mafuta. Hakuna adui.

Bi Yumna aliketi chini ya pazia.

"Sasa," alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake, "leo tulikuwa twamsomea nani?"

Sheikh Hamid alikifunga kitabu kwa mikono miwili, kwa uangalifu mkubwa. "Mimi, Bi Yumna," alisema, "bado sijatamka hata herufi."

"Alhamdulillahi!" lilikuwa jibu la nyuma ya pazia, kutoka kwa kila mmoja, na kicheko kikafuata, kile cha watu waliovuka barabara na kuliona lori nyuma yao. Hata Kadenge alicheka mlangoni huku akipangusa jasho. Ummulkheir aliegemea ukuta. Tangu aingie kazi hii hakuwahi kufurahi hivyo kwa kukosa mhalifu.

Sheikh akaomba dua ya shukrani badala ya kile kilichowakutanisha. Lakini Bi Yumna aliishusha mikono mapema.

"Ummu. Na yule dereva? Yule alotupigia honi?"

"Amesimamishwa kazi. Kamati imekaa sasa hivi."

"Kwa ajili yangu mimi?" Mwanamke yule aliinuka, akaufikia mkoba wake na viatu. "Nipeleke. Niseme mwenyewe. Na kama ni kufungwa, nifungwe na shuka langu, baridi siiwezi."

*

Hakufungwa. Ummulkheir aliiambia kamati mwanzo kabisa kwamba shahidi ni shangazi yake, kisha akaacha karatasi ya kaki, gurudumu lililochubuka na Chirau viseme. Bi Yumna akasimulia mwenyewe mpaka mwisho. Mheshimiwa wa chai alikuwa wa kwanza kucheka. Bi Yumna akapewa onyo la mdomo la kutokanyaga reli, akalipokea kwa adabu. Tony alisema jambo ambalo Ummulkheir alimheshimu kwalo.

"Amri ya geti ilikuwa yangu," alisema. "Tungewafungulia, maua yangebaki kwenye jukwaa."

Kamati iliamua treni ijaribiwe tena kabla jua halijazama, na aliyefaa kuijaribu alikuwa mmoja tu.

Kwa hiyo magharibi ilipokaribia, kinamama wa Kibokoni walikuwa wamesimama kwenye jukwaa, geti liko wazi, na beni imepanga viti upya, safari hii mbali kidogo na kizuizi. Honi ikalia kivukoni. Ummulkheir alijikuta ameushika mkono wa shangazi yake. Hakuna aliyepiga kigelegele. Treni ilitokeza, ikaja, breki zikalia, na watu wote wakawa wanaangalia magurudumu tu.

Yakapunguza mwendo, yakapunguza tena, yakasimama. Mlango wa dereva ulikuwa mbele ya Bi Yumna, karibu kiasi cha kunyoosha mkono.

Kadzo alifungua. Alikuwa amevaa kofia yake. Alitazama jukwaa, akatazama umbali uliobaki hadi kwenye kizuizi, na machozi yakamtoka bila ya yeye kuyazuia.

Bi Yumna alitia mkono kwenye mkoba, akatoa kikuba kibichi cha asumini na mkadi. Vyuma hakuviangalia. Akamfunga msichana kifuani, juu ya kifungo cha sare, akahakikisha fundo halimkwaruzi.

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Hata mimi nilishuka hapa nikilia."